Yumo, Lakini Ni Yupi?

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusaga wadudu. Mbu, nzi wa matunda, vidukari, kupe, mara mojamoja buibui. Unamtoa mmoja kwenye kichupa cha alkoholi, unamsuuza, unamponda kwa kijiti cha plastiki, kisha unachuja DNA. Watu wakisikia hivyo hudhani nawachunguza wadudu wenyewe. Ukweli ni kwamba ninayemsaka ni mpangaji aliyemo ndani ya seli zao, bakteria anayerithishwa kutoka kwa mama kupitia yai, na ambaye mara nyingi hukataa kuota kwenye sahani ya maabara kama bakteria wengine.

Anayefahamika zaidi ni Wolbachia. Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach walimwona mwaka 1924 ndani ya mbu aina ya Culex pipiens, na mwaka 1936 Hertig akampa jina kamili, Wolbachia pipientis. Leo makadirio ya spishi za wadudu walio naye huanzia asilimia 40 hivi hadi zaidi ya 60, kutegemea nani kahesabu na kwa njia gani. Wala hayuko peke yake. Wapo Spiroplasma, Rickettsia, Cardinium, Arsenophonus, na msururu wa wengine wanaoishi na mdudu mmoja tu au kundi dogo la wadudu.

Swali nililofundishwa kuuliza kwanza lilikuwa jepesi: yumo au hayumo? Unaendesha PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane, unapitisha zao lake kwenye jeli, unawasha taa ya zambarau. Ukiona mstari, yumo. Usipouona, hayumo, au umekosea kipimo. Swali hilo lina kazi yake, na kuna taarifa nzima zilizoandikwa kwa kuhesabu mistari ya namna hiyo. Ila ndilo swali linalokwisha upesi kuliko yote. Linalokula miaka ya mtu ni lile linalofuata: ni yupi?

Chukua nzi wa matunda, Drosophila melanogaster. Yupo anayebeba ukoo wa Wolbachia uitwao wMel, bakteria mtulivu ambaye nzi huishi naye maisha yake yote bila kuonyesha dalili. Yupo pia anayebeba wMelPop, aliyeelezwa na Min na Benzer mwaka 1997, ambaye huzaliana bila breki ndani ya ubongo na misuli ya nzi na kumkatia maisha yake katikati. Kwenye jeli hawa wawili hutoa mstari uleule, mahali palepale. Ukisoma jeni zinazosomwa kwa kawaida, ni walewale. Sehemu kubwa ya tofauti yao imejificha kwenye kipande kimoja cha jenomu, yaani DNA yote ya bakteria, chenye jeni 8, ambacho watafiti walikipa jina la Octomom. Kwa wMelPop kipande hicho hujirudia mara kadhaa, na kadiri nakala zinavyoongezeka ndivyo bakteria wanavyojaa na ndivyo nzi anavyokufa mapema. Kwa hiyo utofauti hauko kwenye herufi za DNA zilizobadilika tu. Unaweza kuwa kwenye idadi ya mara ambazo sentensi ileile imeandikwa, na mtu anayelinganisha herufi kwa herufi hataiona kamwe.

Kuhusu jeni za kusoma, kila mtu wa bakteria hukimbilia 16S, jeni iliyo kwa kila bakteria. Itakutofautishia Wolbachia na Rickettsia bila taabu. Ndani ya Wolbachia wenyewe hubadilika polepole mno, kiasi kwamba koo zenye tabia tofauti kabisa huonekana ndugu wa tumbo moja. Baadaye watu wakahamia wsp, jeni ya protini ya ukuta wa nje, ambayo ina utofauti tele. Nayo ikaleta kero yake: koo tofauti za Wolbachia zinapokutana ndani ya mdudu mmoja hubadilishana vipande vya jeni, na wsp ni hodari sana wa kubadilishana. Mti wa ukoo unaouchora kwa wsp peke yake unaweza kuwa mti wa vipande, kila kipande na babu yake.

Mwaka 2006 ukaletwa mfumo wa jeni 5 zinazosomwa kwa pamoja: gatB, coxA, hcpA, ftsZ na fbpA. Kila toleo la jeni hupewa namba, na mkusanyiko wa namba tano ndio kitambulisho cha bakteria. Nilipoanza kuutumia nilifurahi. Kwa mara ya kwanza ungeweza kusema bakteria wako na wa mtu aliye bara jingine ni wamoja au la, na mkaelewana. Makundi makuu nayo yalishajulikana: A na B hupatikana zaidi kwa athropoda (wadudu na jamaa zao kama buibui), C na D kwa minyoo ya filaria, F kwa pande zote mbili, na herufi zikaendelea kuongezeka.

Walionipunguzia imani ni mbu wa Culex.

Tulikuwa na makundi mawili ya mbu hao yaliyotoka sehemu mbalimbali. Wolbachia wao, tulipowasoma kwa jeni zile tano, walikuwa sawa herufi kwa herufi. Kwa hesabu ya kawaida, kazi imekwisha: ukoo mmoja, unaoitwa wPip, andika jedwali uende nyumbani. Mwenzangu wa meza ya pili, dada mmoja mkimya ambaye hakuwahi kuamini jedwali lolote asilolifanyia jaribio, akasema, "Kaka, kabla hujaandika, hebu tuwaozeshe." Tukawaozesha. Madume wa kundi la kwanza kwa majike wa kundi la pili, kisha kinyume chake. Upande mmoja mayai yaliangua kama kawaida. Upande wa pili mafungu ya mayai yalielea juu ya maji, mazima na mazuri kwa macho, na hayakutoa kiluwiluwi hata kimoja.

Hili si jambo geni, na nilipaswa kulitarajia kwa kuwa limeandikwa tangu zamani. Hannes Laven alilionyesha katika miaka ya 1950 kwa kuwazalisha mbu wa Culex kutoka maeneo mbalimbali na kukuta ndoa nyingine hazizai, nyingine huzaa upande mmoja tu. Mwaka 1967 alichapisha jinsi alivyotumia madume wa namna hiyo kuwafuta mbu katika kijiji cha Okpo huko Burma. Alifanya yote hayo akiwa hajui kinachosababisha. Ni mwaka 1971 ndipo Janice Yen na Ralph Barr walipoihusisha tabia hiyo na Wolbachia. Hiyo ndiyo sehemu ya historia hii ninayoipenda kuliko zote, kwamba mtu alitumia silaha kwa usahihi miaka kadhaa kabla ya silaha yenyewe kutambuliwa.

Sasa, ikiwa bakteria ni sawa, kwa nini mayai yafe? Jibu ni kwamba hawako sawa mahali panapohusika. Watu walipoacha jeni za matunzo ya kila siku, ambazo kila ukoo huzilinda zisibadilike, na kusoma jeni zinazokwenda kasi, wPip waligawanyika makundi matano. Mwaka 2017 timu mbili zikaonyesha jeni zenyewe zinazofanya kazi ile, cifA na cifB, ambazo zimekaa ndani ya mabaki ya virusi vya bakteria vilivyojipachika kwenye jenomu ya Wolbachia. Dume mwenye bakteria huharibu mbegu zake kwa protini hizo. Jike mwenye bakteria anayelingana naye huyaokoa mayai. Asiyelingana hawezi. Na ndani ya mbu mmoja wa Culex hupatikana matoleo kadhaa ya jeni hizo kwa pamoja, kama ufunguo wenye meno mengi.

Tangu siku hiyo sichoki kuwauliza wanafunzi: jeni ulizosoma zilichaguliwa kwa kazi gani? Zile tano zilichaguliwa kwa sababu zinatulia na zipo kwa kila Wolbachia. Ni nzuri kwa kujua nani ametoka wapi. Ukizitaka zikuambie nani hufanya nini, unaziuliza jambo ambalo hazikushuhudia.

Kuna utofauti mwingine ambao mashine hukuonyesha na wewe unautupa. Ukisoma mfuatano wa DNA kwa njia ya zamani, unapata grafu yenye vilele vya rangi nne, kila kilele herufi moja. Grafu safi ina kilele kimoja kila mahali. Ikitokea vilele viwili vimepandana, wengi husema sampuli imeharibika, wanairudia, na ikitokea tena wanaiweka kando. Mimi hufanya kinyume. Vilele vilivyopandana mara nyingi maana yake ni kwamba ndani ya mdudu huyo wanaishi Wolbachia wawili, tuseme mmoja wa kundi A na mmoja wa kundi B. Mbu Aedes albopictus kwa kawaida hubeba wawili kwa pamoja, wAlbA na wAlbB. Wapo wadudu wenye watatu. Ukizitupa grafu chafu zote, unabaki na jedwali safi la wadudu wenye bakteria mmoja mmoja, na unaandika kwamba maambukizi mchanganyiko ni nadra. Njia ya kuwatenganisha ipo: kupachika vipande kwenye bakteria wa kawaida na kuwasoma mmoja mmoja, au siku hizi kutumia mashine zinazosoma molekuli moja moja. Ni gharama na ni kazi ya kuchosha. Bado naona ni afadhali kuliko kuutupa ushahidi.

Nilipohamia kwa vidukari nilikutana na utaratibu mwingine kabisa. Kidukari hunywa utomvu wa mmea, chakula chenye sukari nyingi na amino asidi (vijenzi vya protini) chache. Anayemtengenezea zile zinazokosekana ni Buchnera aphidicola, aliye ndani ya seli maalumu ambazo kidukari huzitunza kwa ajili yake tu. Ukichora mti wa ukoo wa vidukari na mti wa Buchnera, ukaviweka ana kwa ana, matawi yanakwenda sambamba. Wametembea pamoja kwa zaidi ya miaka milioni 100, mama kwa binti, bila kubadilishana wenyeji. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2000 ilikutwa na herufi kama 640,000 tu, wakati ya E. coli, ndugu yake wa mbali anayeishi huru, ina takriban milioni 4.6. Na mpangilio wa jeni zake haukubadilika: Buchnera wa vidukari waliotengana miaka milioni 50 au zaidi iliyopita walikutwa na jeni zilizojipanga kwa foleni ileile. Herufi zinabadilika, tena kwa kasi. Foleni haibadiliki.

Fanya hivyohivyo kwa Wolbachia na wadudu wanaombeba, miti haifanani hata kidogo. Nyigu na kiluwiluwi anayemtaga mayai ndani yake huweza kuwa na bakteria wanaokaribiana sana, ilhali nzi wawili wa spishi jirani wana bakteria wa makundi mawili tofauti. Yeye hurithishwa kupitia yai, lakini katika muda mrefu huruka kutoka mwenyeji mmoja hadi mwingine. Jenomu ya wMel, iliyosomwa mwaka 2004, ina herufi milioni 1.27 na imejaa vipande vinavyojirudia na mabaki ya virusi. Mtu anayetoka kwa Buchnera kuja kwa Wolbachia, au kinyume chake, na kudhani sheria ni zilezile, atashangaa sana.

Mbung'o ndiye mfano ninaoupenda wa kufundishia jambo hili, kwa sababu ndani yake hali zote hizo hukaa chumba kimoja. Wigglesworthia ni mkongwe, jenomu yake imepungua hadi herufi kama 700,000, humpa mbung'o vitamini za B ambazo damu haina za kutosha, na ukoo wake hufuata ukoo wa mbung'o. Sodalis ni mgeni wa karibuni: jenomu yake bado ni kubwa, zaidi ya herufi milioni 4, lakini sehemu kubwa ya jeni zake zimeshavunjika na zimebaki magofu. Kisha baadhi ya mbung'o wana Wolbachia. Bakteria watatu, mama mmoja anayewarithisha, historia tatu zisizofanana.

Nyenze wamekwenda mbali zaidi. Kwa baadhi ya nyenze wa Chile wa jenasi Tettigades, bakteria aitwaye Hodgkinia amejigawa koo mbili ndani ya mdudu yuleyule. Kila ukoo umepoteza jeni ambazo mwenzake amezibakiza, hivyo mdudu anawahitaji wote wawili apate kile alichokuwa akipewa na mmoja. Hapo hata kuuliza "utofauti kati ya wadudu" hakutoshi. Upo ndani ya mwili mmoja, na hauna faida yoyote kwa mwenye mwili.

Nimewahi kukaa na kijana aliyekuwa na furaha tele. Amesoma DNA ya mitokondria ya vipepeo wake, amepata makundi mawili yaliyo mbalimbali, na tayari alikuwa akifikiria jina la spishi mpya. Nikamuuliza kama amewapima Wolbachia. Hakuwa amewapima. Mitokondria hurithiwa kwa mama, na Wolbachia vilevile, kwa hiyo husafiri pamoja kwenye yai moja. Bakteria akienea kwa kasi, huburuta aina ya mitokondria iliyokuwa kwa yule mama wa kwanza, iwe nzuri au mbaya. Jambo hili lilifuatiliwa moja kwa moja huko California tangu miaka ya 1980, Wolbachia aitwaye wRi alipokuwa akisambaa kwa nzi Drosophila simulans, na aina moja ya mitokondria ikapanda naye. Kijana akapima: kundi moja la vipepeo wake lilikuwa na bakteria, la pili halina. Akasoma jeni za kwenye kiini cha seli, na makundi mawili yakayeyuka kuwa moja. Alinuna kidogo. Baadaye aliandika makala kuhusu bakteria badala ya kipepeo, na kwa maoni yangu ilikuwa nzuri zaidi.

Mtego mwingine ni kwamba jeni za bakteria si lazima ziwe ndani ya bakteria. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba kipande kikubwa cha jenomu ya Wolbachia kimehamia kwenye kromosomu X ya fukusi wa kunde, Callosobruchus chinensis, na mwaka 2007 ikabainika kwamba baadhi ya Drosophila ananassae wamebeba karibu jenomu nzima ya Wolbachia kwenye kromosomu zao. Mdudu wa namna hiyo ukimlisha dawa ya tetracycline vizazi kadhaa, bakteria wakaisha wote, jeli itaendelea kukuonyesha mstari. Jeni hizo zilizohamia, zikiwa hazina kazi tena, hujikusanyia makosa ya herufi, na mtu akizisoma bila kujua huziingiza kwenye jedwali kama ukoo mpya wa bakteria. Ndiyo maana ukoo mpya wenye jeni zilizokatika katikati hunitia shaka kabla ya kunifurahisha.

Mambo ya kukusanya sampuli nitayapitia haraka, maana kila maabara huyajua. Buibui aliyekula jana ana DNA ya chakula chake tumboni, pamoja na bakteria wa chakula hicho. Mwache na njaa siku kadhaa, au tumia miguu yake tu. Kidukari anaweza kuwa na kiluwiluwi cha nyigu ndani yake, na Wolbachia unayemwona ni wa nyigu. Vifaa vya kuchujia DNA vyenyewe huja na bakteria wa maji na udongo, kwa hiyo kila mara pitisha kichupa kitupu kama sampuli, uone kitatoa nini. Na alkoholi iwe kali, ibadilishwe baada ya siku ya kwanza, maana mwili wa mdudu huizimua.

Ninalolizungumza zaidi siku hizi ni mwenyeji. Kwa muda mrefu nilizungumza kana kwamba ukishamjua bakteria kwa undani, umemaliza. Lakini wMel yuleyule, mwenye jenomu ileile, huzuia mayai kuangua kwa udhaifu akiwa ndani ya nzi wa matunda, na karibu kikamilifu akihamishiwa kwa mbu Aedes aegypti. Ndani ya mbu huyo huzuia pia virusi vya dengi. Jaribio kubwa la Yogyakarta nchini Indonesia, lililochapishwa mwaka 2021, lilikuta wagonjwa wa dengi wamepungua kwa asilimia 77 kwenye maeneo yaliyoachiwa mbu hao. Maji yanapopata joto kali, wMel hupungua ndani ya viluwiluwi, na ni sababu mojawapo ya Malaysia kuchagua wAlbB, anayestahimili joto zaidi. Hapo tofauti za ukoo ambazo zamani zilionekana ni za wachora miti tu zimekuwa jambo la kuamua mbu yupi aachiwe wapi.

Mwenyeji naye hajakaa tu. Kipepeo Hypolimnas bolina wa Samoa alikuwa na Wolbachia anayeua viinitete vya kiume, na mwaka 2001 madume walikuwa asilimia 1 hivi tu ya vipepeo wote. Kufikia 2006 walikuwa wanakaribia asilimia 40. Bakteria hakuwa ametoweka wala kubadilika. Vipepeo ndio waliopata jeni ya kumzuia, na ikasambaa ndani ya vizazi vichache. Mtu aliyesoma jeni za bakteria huyo mwaka 2001 na akazisoma tena 2006 angekuta yuleyule, na angeripoti kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo vichupa vyangu sasa vina lebo ndefu: spishi ya mdudu, mahali, tarehe, joto la maji au la hewa, jinsia, na mguu mmoja uliotengwa kwa ajili ya jeni za mdudu mwenyewe. Wanafunzi hulalamika kwamba lebo haitoshi kwenye kichupa. Nimewaambia wanunue vichupa vikubwa zaidi.